Wa Nne kati ya Wanne

Hosteli, 9 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Za hapo? Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo, ila macho yananiuma kwa kusoma fomu.

Nina ombi, na usicheke kabla hujamaliza ukurasa. Shahada yangu inaisha mwezi wa tano. Nataka kuunganisha moja kwa moja na shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa: jinsi nchi zinavyogombana, zinavyopatana, na nani anakaa chini kuandika karatasi ya mapatano. Nimechagua vyuo vinne, vyote ng'ambo. Kila ninayemwambia anatikisa kichwa. Mhadhiri wangu anasema vyuo hivyo vinawapenda waliokwisha kufanya kazi miaka miwili mitatu, na mimi nitaonekana kifaranga.

Baba ndiye mgumu zaidi, maana hata hapingi. Amenitafutia nafasi kwenye ofisi ya bima ya rafiki yake, akasema: "Nakupa mpaka mwisho wa Mei. Ukipata chuo, nenda. Usipopata, Juni mosi unaripoti bima, na hatulizungumzii tena." Mjomba, niliingia ofisi ile. Hata saa ya ukutani imechoka.

Barua za wahadhiri wawili ninazo. Ya tatu lazima itoke kwa mtu aliyenisimamia kazini, na kazi pekee niliyowahi kufanya ni zile likizo tatu kwenye duka lako la dobi. Kila chuo kitakutumia maswali kwa barua pepe. Tafadhali nisemee vizuri.

Mpwa wako mtiifu (wiki hii)


Dukani, 2 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mgongo upo, haujahama. Sisi wote wazima.

Sijacheka. Nimetabasamu kidogo tu uliposema nilikusimamia kazini, kwa sababu nakumbuka nani alikuwa kwenye pasi na nani alikuwa juu ya furushi la mashuka anasoma.

Mambo ya dunia nami nayafuata. Magazeti ninayofungia nguo huwa ya wiki tatu nyuma, kwa hiyo vita ikianza mimi huijua wakati wenyewe wameshapatana. Nalala vizuri sana.

Barua pepe sikuwa nayo. Nimekwenda kwa jirani wa stesheneri, huyu tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani, akanifungulia. Profesa ana barua ya sifa tayari ndani ya mashine yake, hubadilisha jina tu. Barua hiyohiyo imewasifia mwashi mmoja, manesi wawili na mlinzi. Anasema haijawahi kumwangusha mtu.

Baba yako usimchukie. Shemeji yangu ni mtu wa bima tangu tumboni. Siku ya harusi yake alikuja na mwavuli, na ilikuwa kiangazi kikavu. Anaogopa kwa niaba yako ili wewe usipoteze muda kuogopa.

Fomu zikija nitazijaza. Hilo niachie.

Mjomba wako


Hosteli, 20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio una kiraka.

Chuo cha kwanza kimenikataa Januari. Cha pili Jumatatu. Cha tatu jana, nikiwa nafua, povu mpaka kwenye viwiko. Wote wana adabu sana: tumefurahi, tumeguswa, nenda kafanye kazi kwanza kisha urudi.

Baba hajasema "nilikwambia". Ameninunulia viatu vyeusi vya ofisini. Vinanitosha kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Kimebaki kimoja. Hicho hakijakataa. Kimeniita kwenye mahojiano ya video tarehe 11 Machi. Nafurahi na kuogopa, kwa zamu.

Mpwa wako


Dukani, 27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Pole kwa vitatu, hongera kwa kimoja.

Vaa shati lenye kola. Chini vaa utakacho, hawaoni. Shati lipigwe pasi na mtu mwingine, nakusihi. Wakikuuliza usilolijua, sema hujui, halafu nyamaza. Wateja wangu wengi huharibu kesi zao pale wanapoendelea kuongea.

Kuna jambo kuhusu fomu ya chuo hicho nilitaka kukwambia, lakini linaweza kusubiri.

Mjomba wako


Hosteli, 11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kwa salamu hiyo mshukuru mama yangu aliyenilea vizuri, maana leo nisingekupa.

Walikuwa watatu. Mama mmoja mwenye mvi katikati, wanaume wawili pembeni. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Mara yule mama akasema, "Tuna maelezo ya msimamizi wako wa kazi. Turuhusu tukusomee." Nikatabasamu kama mjinga.

Swali: ukimlinganisha na wote uliowahi kuwasimamia, anashika nafasi gani? Jibu, na nalijua kwa moyo sasa: "Nimesimamia wanne kwa miaka ishirini na sita. Kwa kupiga pasi ni wa nne kati ya wanne. Anachelewa kuamka. Akishika gazeti, pasi hubaki yatima. Nguo mbili ziliungua hivyo, moja yangu." Swali: ana udhaifu gani? Jibu: "Mbishi. Hubishana hata na mtu aliyekwisha kumkubalia."

Mjomba! Nilitaka kusema mimi si mbishi, nikaona mtego, nikafunga mdomo.

Kisha yule mama akasema, "Anataja kesi ya blanketi. Anasema ukiulizwa, uhadithie mwenyewe." Basi nikahadithia lile blanketi walilogombania mwalimu mkuu na fundi redio, mbele ya maprofesa watatu. Mmoja alijiziba mdomo. Sijui alikuwa anacheka au anapiga miayo.

Nilikuomba kitu kimoja tu: unisemee vizuri. Sasa nenda kamsalimie meneja wa bima, maana umenikabidhi kwake kwa mkono wako.

Mpwa wako (bado)


Dukani, 19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Naipokea, hata kama imepoa.

Nikuambie lile lililosubiri. Fomu tatu za kwanza tulizijaza na Profesa. Ukawa hodari, mchapakazi, mwenye maono, nguzo ya kampuni. Kampuni! Nikageuka nikalitazama duka langu na ndoo zake. Siku ya fomu ya nne Profesa alikuwa ameng'olewa jino, shavu limeumuka, hawezi kutamka neno. Ikabidi achape ninachosema mimi. Nikaulizwa nafasi yako kati ya niliowasimamia. Nikawahesabu. Mngekuwa watano ungekuwa wa tano. Ningefanyaje?

Lakini hawakuishia hapo. Waliuliza pia kama nimewahi kukuona ukipatanisha watu. Nami siku ya blanketi nilikutazama kuliko ulivyojua, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo. Blanketi moja la buluu, karatasi ya jina imebanduka majini, na watu wawili wanalivuta: mwalimu mkuu na fundi redio. Mimi nilikuwa tayari kutoroka kwa mlango wa nyuma. Wewe ukamchukua kila mmoja pembeni ukamuuliza blanketi lake lina ubaya gani. Mwalimu mkuu akasema halina, ni jipya, zito, safi. Fundi redio akasema lina tundu la sigara na kiraka cha uzi mweusi alichoshona mkewe bila miwani. Ukalikunjua: tundu lipo, kiraka kipo. Ukampa fundi.

Mwingine yeyote angeishia hapo akajipongeza. Wewe ukamgeukia mwalimu mkuu, ambaye hakujua pa kuuweka uso wake, ukamwambia kosa ni la duka. Ukapekua mafurushi saa nzima mpaka la kwake likapatikana. Akatoka na blanketi na heshima yake. Mpaka leo wanasalimiana, na wote wananiletea nguo.

Hilo sikulimaliza kwenye fomu. Niliona ukilisema mwenyewe litanyooka zaidi. Kama nimekuharibia, nisamehe. Nilidhani ndiyo kukusemea vizuri.

Mjomba wako


Dukani, 30 Aprili

Mpwa wangu,

Hamjambo huko? Wiki sita. Tarishi sasa akipita mbele ya duka anaangalia upande wa pili, kama ana makosa.

Ukitaka kunitukana, andika. Hata ya matusi nitaipokea.

Mjomba wako, kama bado


Nyumbani, 20 Mei

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Shikamoo mara nne, moja kwa kila chuo! Ni mimi, wa nne wako kwa pasi. Mgongo vipi, mzima? Sema mzima, leo sitaki mgonjwa.

NIMEPATA. Jana asubuhi. Naanza Septemba. Mama mwenye mvi ameongeza mistari yake chini: "Maelezo ya msimamizi wako tuliyasoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Barua za kusifu tunazo kabati zima. Huu ndio uzoefu tuliokuwa tunautafuta, na tumeuhesabu." Yule wa miayo ndiye atakayenifundisha somo la usuluhishi. Alikuwa anacheka, Mjomba!

Kimya changu hakikuwa kununa, au kilikuwa kununa wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo ilikuwa aibu. Nilianza barua tano nikazichana, kila moja nilijikuta nabishana na wewe, na wewe ulikuwa umeshanikubalia.

Baba aliisoma barua ya chuo amesimama. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akasema, "Haya." Basi. Kisha leo alfajiri amevaa suti, amechukua nakala ya barua na kwenda stendi, hakusema anakwenda wapi. Mama anasema tusiulize. Kama unamwona huko, nijulishe.

Mpwa wako, wa mwisho kwa pasi na wa kwanza kwa furaha


Dukani, 22 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba zote nne. Mgongo umepona ghafla, daktari wake ilikuwa barua.

Baba yako yuko hapa. Alifika juzi mchana, akanipa mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko alivyowahi miaka yote tuliyojuana. Nikampa kiti. Tangu hapo hajaondoka kwenye kiti hicho ila kula na kulala. Amekiweka mlangoni, na hakuna mteja anayetoka bila kusomewa barua yako. Fundi redio amesomewa mara mbili. Profesa ameomba nakala aitie kwenye mashine, nimemkatalia.

Asubuhi hii mama mmoja aliyekuja kuchukua mapazia akamuuliza, "Huo uhusiano wa kimataifa ndio nini?" Baba yako akakaa sawa, akakohoa, akaanza kueleza. Sasa ni nusu saa. Wamejaa watu sita, mmoja ameketi juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi, na shemeji yangu amesimama, mikono hewani, anapatanisha nchi ambazo hazijawahi kugombana.

Anakosea karibu kila kitu. Sijamsahihisha hata neno moja.

Mjomba wako