Karatasi ya Hamsini Niliyoinunua kwa Arobaini na Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Boma la Dodoma. Jumatano, tarehe 14 Agosti 1912, saa tatu asubuhi. Mbele ya Shaushi Yahaya, sajini wa kituo.

Jina: Ruthu binti Matonya. Umri: kadiri ya miaka arobaini na mitano. Kazi: mkulima. Makazi: Ihumwa. Dini: Mkristo. Uhusiano na mshtakiwa: mama mzazi wa Sila, karani mkuu wa ghala la ngozi na nta, Dodoma.

Sikuitwa na mtu. Nimetoka Ihumwa alfajiri kwa miguu yangu, na nimeapa kwa Biblia ambayo naweza kuisoma mwenyewe. Sila anashtakiwa kwamba ameiba rupia mia moja za ghala. Akipatikana na hatia atachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na kutiwa mnyororo. Hakuiba. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoyafanya, hata yale ya kuniaibisha.

Mnamo tarehe 3 Julai mwaka jana ghala lilitaka fedha za kujenga bohari karibu na stesheni. Bwana Feld, msimamizi wa wakati ule, akatoa karatasi ishirini za deni. Kila karatasi inasema kwamba mwenye nayo atalipwa rupia hamsini baada ya miaka mitano, na kila Julai atapewa rupia mbili za riba. Watu wakasitasita, miaka mitano si kesho. Basi Bwana Feld akaziuza kwa arobaini na tano kila moja. Sila ndiye aliyeziandika zote, kwa mwandiko ambao hata Wazungu wanausifu. Karatasi kumi na tisa zilinunuliwa na mafundi wa reli, nao wameifuata reli Tabora. Ya ishirini ni yangu. Bwana Feld alikufa kwa homa mwezi wa Mei.

Ili niipate niliuza ng'ombe wangu wote watatu. Jirani yangu Priska alinicheka kisimani mbele ya wanawake. Alisema, "Mama Sila, ng'ombe watatu kwa karatasi moja? Utaikamua?" Wakacheka wote. Mimi ni mjane, na tangu siku ile zizi langu ni tupu. Nikajibu, "Nyie mnakamua maziwa, mimi nimewakopesha Wazungu rupia hamsini!" Neno hilo likanikaa mdomoni. Nimelisema kisimani, kanisani na kwenye harusi mbili.

Jumapili iliyofuata Sila alikuja nyumbani, nikamuuliza zile tano ziko wapi. Akanieleza vizuri, maana tangu mtoto ni mwalimu. Alisema, "Mama, ghala limepokea arobaini na tano, litarudisha hamsini. Zile tano ni ndama walio tumboni. Kila mwaka anazaliwa mmoja, nami namwandika kuwa gharama ya mwaka huo. Mwaka wa tano zizi limetimia hamsini." Nikamuuliza, "Na anayemkamua ni nani?" Akacheka, akasema, "Wewe, mama." Ndivyo alivyoandika kwa karatasi zote ishirini: deni elfu moja, fedha zilizoingia mia tisa, na mia moja akaziwekea ukurasa wake, akauita punguzo. Julai hii alitoa ishirini za mwaka wa kwanza, zikabaki themanini.

Jumatatu, tarehe 12 mwezi huu, kama saa nne asubuhi, nilikwenda ghalani kuchukua rupia zangu mbili za riba. Priska alikuwapo, amekuja kuuza nta, na watu wengine kama kumi. Bwana Olbert, msimamizi mpya, alikuwa amefungua daftari mezani. Alimwuliza Sila, "Karatasi zote zinasema hamsini. Mara ishirini ni elfu. Sandukuni ziliingia mia tisa. Mia iko wapi?" Sila akamwonyesha ukurasa wa punguzo. Bwana Olbert akasema huo ni ukurasa wa mwizi. Ndipo aliponiona na karatasi yangu mkononi. Akaniuliza, "Wewe mama, ulitoa rupia ngapi?"

Mimi niliingia wakati huohuo, sikujua walichokuwa wakigombania; hayo ya mwanzo Priska alinisimulia baadaye njiani. Nilimwona Priska ananitazama.

Nikasema, "Hamsini, Bwana. Taslimu."

Sila alinitazama. Angeweza kusema, "Mama anasema uongo." Badala yake aliinamisha kichwa, akaweka kalamu yake mezani, askari wakamchukua. Hakutaka kuniaibisha mbele ya watu.

Njiani kurudi, Priska alinishika mkono. Akasema, "Jirani, mimi nilikucheka, nisamehe. Lakini ng'ombe wale watatu, kwa Hasani mchinjaji, wanafika hamsini kweli?" Nililia hapo barabarani.

Bwana Shaushi, nilitoa arobaini na tano. Ng'ombe niliwauza kwa Hasani wa Kondoa, mchinjaji wa sokoni, kumi na tano kila mmoja. Nilijigamba kuwa nilimshinda kwa bei, kumbe yeye ndiye aliyenishinda. Mwulizeni. Sikuwa na mnyama mwingine wala sarafu ya heller nyingine ya kuongeza, Ihumwa nzima inajua zizi langu. Mwongo ni mimi, si daftari la mwanangu. Kama kuna viboko vya uongo, mgongo wangu huu hapa.

Nimemaliza. Niliyosema leo ndiyo kweli, na ya Jumatatu nayakana.

Sahihi: RUTHU

Maandishi ya Shaushi: Shahidi alikataa kutia dole gumba, akaandika jina lake mwenyewe, taratibu. Nilimweleza kwamba maelezo haya yatasomwa barazani mbele ya watu wa Ihumwa. Alijibu, "Yasomwe kwa sauti, Priska asikie vizuri." Saa sita mchana Hasani aliletwa. Amesema alinunua ng'ombe watatu wa shahidi, akalipa rupia arobaini na tano. Maelezo yote mawili na daftari nimeyapeleka kwa Bwana Shauri, Mzungu anayehukumu kesi za boma.

Nilipomsomea shahidi maelezo yake aliomba sahihisho moja, palipoandikwa karani mkuu. Nilimwuliza ghala lina makarani wangapi. Akasema, "Mmoja, baba. Futa mkuu." Nimelifuta mbele yake.