Eda ya Zuhura

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Dawa, uji, dawa. Mashine ya oksijeni inakoroma kuliko mimi. Rukia amerudi kutoka zamu ya usiku, akanigeuza upande wa pili kabla hajalala. Binti yangu huyu amechoka kuliko mgonjwa wake.

Zuhura amepiga simu tena. Sikupokea.

Alhamisi, 5 Agosti

Redio imemtaja tena yule mbunge na mswada wake. Mahakama za jimbo zisisikilize sheria ya kigeni wala ya dini, mikataba yake isitambuliwe, na wazee kama sisi tukitoa hukumu tushtakiwe. Bunge lenyewe halikai kwa sababu ya korona. Haidhuru. Mswada umeshaanza kazi bila kikao.

Sheikh Athumani amepiga kutoka Auburn, mtaa mwingine wa jiji hili. Anasema baraza letu la ndoa na talaka lisitoe karatasi yoyote mpaka mambo yatulie. Wakili ameshauri hivyo. Anataka pia niandike barua ya kuupinga mswada, kwa kuwa niliwahi kuwa kadhi Mombasa kabla ya kuhamia huku. Niseme kwamba tunawalinda wanawake.

Nimeshika kalamu. Sikuandika neno.

Jumapili, 8 Agosti

Basi niandike hapa.

Zuhura alitengana na Mbarak, mtoto wa dada yangu, miaka sita iliyopita. Mahakama ya hapa ilishaivunja ndoa. Kwa serikali yuko huru. Lakini Mbarak hajatamka talaka, na hatatamka. Anamkomoa tu. Yeye ameoa mwingine na ana watoto. Zuhura, kwa dini, bado ni mke wake, hawezi kuolewa. Mama yake kule Tanga hatampa radhi bila neno la kadhi.

Kadhi ni mimi. Sababu ya kuvunja ndoa ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mkono wa Zuhura aliouvunja Mbarak niliuona kwa macho yangu. Nikamwambia subiri. Akarudi mwaka uliofuata. Nikamwambia subiri. Si sheria ya Mungu iliyonizuia. Nilichelea kugombana na dada yangu.

Yule mbunge anatuchukia na hajui lolote juu yetu. Jambo moja tu amelipatia, kwamba wanawake tunawaonea, na ushahidi wake ni mimi.

Jumatano, 11 Agosti

Daktari ameongea nami kwa simu, kwa upole mwingi. Upole huo naujua. Niliutumia barazani.

Nimewaomba wenzangu wawili tukae kwa video, nusu saa, tumalize jambo la Zuhura. Kanuni yetu inataka watu watatu. Mmoja hapokei simu. Athumani amesema, "Kadhi, unataka tufungwe? Wewe unakwenda zako, sisi tunabaki!" Akacheka. Kisha akasikia alichosema, akaniaga haraka.

Nikampigia Mbarak. Nikamwomba neno moja tu.

"Mjomba, pumzika," akasema. "Huyo ana haraka gani? Si ulimwambia mwenyewe asubiri?"

Neno langu, kinywani mwake.

Ijumaa, 13 Agosti

Vibaya. Nimeswali nikiwa nimelala. Naogopa. Si kufa. Kuulizwa.

Jumapili, 15 Agosti

Nilimwambia Rukia amwite Zuhura. Anakaa Mount Druitt, ndani ya zile kilomita tano tunazoruhusiwa kutembea wakati huu wa korona. "Baba, pumua kwanza, hukumu baadaye," akasema, lakini akampigia.

Amekuja asubuhi, akasimama uani na barakoa yake. Ameota mvi. Rukia akanifungulia dirisha. Nikamwambia yote: kwamba haki yake niliijua, na niliifungia kwa ajili ya dada yangu. Nilitegemea alie, au anitukane.

"Najua, Mjomba," akasema. "Sote twajua. Wewe tu ndiye uliyedhani ni siri."

Nikatamka kwamba ndoa nimeivunja. Peke yangu, kinyume cha kanuni niliyoiandika mwenyewe. Serikali haitalitambua neno hili. Athumani hatalitambua. Mungu, sijui.

 Zuhura akauliza, "Eda naihesabu kuanzia lini?"

Nikasema, leo.

Miezi mitatu, bado, kabla hajaweza kuolewa. Hata siku ya kumfungua nimemwambia asubiri.

Jumanne, 17 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Barua ya Athumani sikuiandika. Pumzi ni fupi, na herufi zangu zimekuwa kubwa.

Nimemwomba Rukia amtazame Zuhura mwezi wa kumi na moja. Hakuuliza kwa nini. Amelala kitini, viatu miguuni. Dirisha liko wazi kidogo tangu juzi, na baridi inaingia. Sitamwamsha alifunge.