Beri za Foreman na Kikohozi cha Wiki Tano

Bi Mwanaharusi wa ukurasa wa ushauri,

Pokea salamu kutoka Ngoliba. Mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi na leo nimeona nikuandikie kwa sababu kuna kitu nimefanya na sasa kimenikwama hapa kooni, kumeza siwezi, kutema siwezi.

Nina miaka sitini na tatu, mzee wangu Kisilu ana sabini na moja, alikuwa foreman, msimamizi wa mashine, kwa kiwanda kimoja cha nguo huko Thika miaka ishirini na nane na mpaka leo kijiji kizima kinamwita Foreman, na anapenda, hata mbuzi anaziamrisha. Sasa mwaka jana akatumiwa video kwa simu, mtu fulani amevaa koti jeupe anasema ati mtu akizeeka kinga ya mwili inashuka, na dawa yake ni beri, zile za buluu, kikombe kimoja kila siku. Hiyo ndiyo siku amani iliisha kwangu. Akampigia binti yetu Emmaculate, ambaye ameolewa anakaa Kahawa Sukari, akamwambia, "Emma, ukitaka baba yako azeeke vizuri, lete beri." Na Emma ni mtoto mzuri, kila mwisho wa mwezi analeta pakiti za beri zilizogandishwa kutoka supamaketi, mimi naweka kwa friza, na kila saa nne asubuhi nasaga kikombe na maziwa lala, yale ya kugandishwa, nampelekea pale kwa kiti chake.

Basi siku moja transfoma ikalipuka, tukakaa siku nne bila stima, beri zote zikayeyuka zikachacha. Haki niliogopa. Lakini nyuma ya nyumba tuko na ua wa malberi, yaani miforosadi, ile miti tunakatia mbuzi majani, na ilikuwa imezaa mpaka matunda yanaanguka chini, kuku wanatembea na midomo ya zambarau. Nikachuma bakuli, nikaosha, nikasaga na maziwa, nikampelekea kimya. Akanywa yote, akalamba kijiko, akaniangalia akasema, "Mbula, unasikia vitu vya ng'ambo? Hii si kama ile takataka ya nyuma ya nyumba."

Bi Mwanaharusi, ningesema ukweli hapo hapo, lakini nilicheka mpaka nikaenda kujificha kwa nyumba ya kuku. Na Emma alipoleta pakiti zingine, sikurudi nyuma, nilizipeleka kwa wifi yangu Nzilani, tukasaga, tukanywa sisi wawili. Sasa ni miezi mitano. Foreman anakula malberi, sisi tunakula za ng'ambo, na yeye kila Jumapili baada ya ibada anakusanya wazee wenzake anawafundisha kuhusu beri za buluu, na watoto wakienda kuchuma malberi anawafukuza na fimbo, "Tokeni hapo, mtaharisha!"

Shida ni kwamba wiki tano sasa anakohoa. Alianza kidogo kidogo, sasa anakohoa mpaka anashika ukuta, asubuhi shuka zake zimelowa jasho, na mshipi ametoboa tundu jipya mara mbili. Aketch, yule mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alikuja akamwambia kikohozi kikipita wiki mbili lazima mtu apimwe makohozi na apigwe picha ya kifua. Akamjibu, "Madam, kinga yangu imejengwa na beri. Huu ni uchafu unatoka." Akasema tena ndugu yake Muli alienda hospitali na kikohozi akitembea kwa miguu yake, akarudishwa kwa gari la maiti, kwa hivyo yeye haendi.

Sasa niambie nifanye nini. Nikimwambia amekuwa akila malberi, atasema mimi ndiye nimemtolea kinga, mimi ndiye nimemuua, na ataagiza za buluu na aendelee kukaa nyumbani. Nikinyamaza, anaamini analindwa, na bado anakaa. Wifi anasema ninyamaze. Emma akipiga simu anauliza, "Mama, beri zinafanya kazi?" na mimi nasema ndiyo, woi, nasema ndiyo! Na uniambie pia, hizo za buluu kweli zingemkinga?

Mbula, Ngoliba

*

Mbula,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani yangu hapa Ruiru akagonga mlango kuuliza kuna habari gani. Mara ya pili sikucheka hata kidogo. Umenieleza habari za beri ukurasa mzima, na mume anayekohoa mpaka anashika ukuta umemweka huko chini.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Beri ni tunda. Tunda ni zuri. Mtu wa miaka sabini na moja anahitaji matunda, mboga, maharagwe, yai, usingizi na kutembea kidogo, na mwili uliolishwa vizuri hupigana na magonjwa vizuri kuliko mwili wenye njaa. Wataalamu wamezichunguza beri, ndiyo, na wengine wameona mabadiliko fulani kwenye damu ya wazee waliozila. Lakini nyingi ya tafiti hizo ni za watu wachache kwa wiki chache, na kutoka hapo mpaka kusema kikombe cha saa nne kinamzuia mzee asipate ugonjwa wa mapafu ni safari ambayo hakuna aliyeimaliza. Yule wa koti jeupe ameimaliza kwenye simu. Koti jeupe hata muuza nyama analo.

Na malberi yako ni beri vilevile, mama. Yana vitamini, yana ile rangi nyeusi wanayoisifu huko, na hayajalala kwenye friza ya meli. Hukumtolea mume wako kinga yoyote. Hilo liondoe kichwani leo, maana naona ndilo limekufunga mdomo. Angekunywa za buluu miezi hiyo yote, kikohozi kingeweza kuja vilevile. Mapera yangekuwa sawa, mapapai yangekuwa sawa. Hakuna tunda linalomfanya mtu asihitaji daktari.

Sasa huyu Foreman. Amesimamia mashine miaka ishirini na nane. Mashine ikianza kutoa sauti mbaya wiki tano mfululizo na kupungua uzito, alikuwa akiimwagia sharubati? Alikuwa akiita fundi! Leo kifua chake mwenyewe kinapiga kelele anasema ni uchafu unatoka. Na anawafundisha wazee wenzake baada ya ibada! Natumai kati yao yuko hata mmoja mwenye akili ya kumwangalia mshipi.

Usifurahi, nakuja kwako. Wewe na wifi yako mmekunywa beri za mgonjwa miezi mitano mkiangua kicheko jikoni, na sikulaumu kwa siku ya kwanza. Siku ya kwanza hata mimi ningejificha kwa kuku. Mtu aliyeamrishwa ndani ya nyumba miaka mingi akipata kitu kidogo cha kumcheka anayemwamrisha, anakishika kwa mikono miwili. Lakini tangu kikohozi kianze, mama, mchezo uliisha na wewe hukutoka uwanjani. Mtoto anapiga simu kutoka Kahawa Sukari anauliza hali ya babake, unamwambia beri zinafanya kazi. Huo si utani tena. Umemnyima Emma nafasi ya kuja.

Sasa nisikilize vizuri. Mume wako hapiganii beri. Umeniandikia mwenyewe, kisha ukapita kana kwamba hukuliona: Muli alienda kwa miguu yake, akarudishwa kwa gari la maiti. Kisilu anaogopa, Mbula. Mzee huyo anaogopa mlango wa hospitali kuliko anavyoogopa kifo, na beri zilimpa sababu ya heshima ya kutoingia. Ukimpokonya hiyo sababu kwa kumwambia ukweli wa malberi, atatafuta nyingine kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana swali lako, nimwambie ama ninyamaze, si swali la kwanza.

Barua hii ikikufikia, mpigie Emma kabla hujamaliza kuisoma. Usimwambie beri zinafanya kazi. Mwambie, "Babako anakohoa wiki tano, anapungua, analowa jasho, njoo." Atakuja. Kisha mwite Aketch, na safari hii asije kama serikali, aje kama jirani, anywe chai, akae. Aseme wazi mlango upi mtaingilia, nani atawapokea na majibu yatachukua muda gani, kwa sababu mtu mwenye woga anataka kujua njia. Kipimo cha kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure, na dawa zake ni bure, na ugonjwa huo unapona mtu akimeza dawa mpaka mwisho. Sijasema ndio anao. Mimi si daktari na sipimi watu kwa barua. Inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa kitu kingine, na kwa umri wake hakuna hata kimoja kati ya hivyo cha kusubiri mwisho wa mwezi. Akitema damu au akishindwa kupumua, usimngoje Emma wala Aketch, tafuta gari saa hiyo hiyo. Fungueni madirisha. Wewe nawe upimwe, na wifi yako pia kama anaingia humo ndani kila siku.

Halafu wewe, uketi mbele yake, bila kikombe, bila utani, umwambie maneno ambayo nadhani hujamwambia miaka mingi: "Baba Emma, naogopa. Sitaki kubaki peke yangu hapa. Twende, na nitaingia na wewe, na sitatoka mpaka utoke." Foreman amezoea kupewa sababu na kuzikataa. Lakini woga wako hawezi kubishana nao. Akikataa mara ya kwanza, kesho yake rudi useme tena, na Emma akiwa amekaa kando yako.

Akishaanza matibabu na ameanza kula vizuri, ndipo umwambie habari ya malberi. Mwambie mwenyewe, yote, na usimtupie wifi lawama. Atakasirika. Atafoka mpaka majirani watoke nje, atawapigia ndugu zako wote simu, atakuita majina. Usimjibu, Mbula. Keti hapo umsikilize akifoka sentensi nzima bila kukohoa, na umshukuru Mungu.

Bi Mwanaharusi
Ruiru