Maneno Yako Niliyoyalainisha

Nyanya,

Hili nilimficha kila mtu kwa muda mrefu, hata Mama: ripoti yako ya mwisho haikuwa maneno yako. Niliyabadilisha mimi.

Unajua tulivyofanya kazi. Wewe, mwakilishi wadi na mwenyekiti wa kamati ya elimu ya bunge la kaunti, macho yamechoka, unanitumia ripoti kwa sauti kutoka Kenya. Mimi huku Guangzhou, Uchina, nikitoka shule, naichapa nimekalia katoni ofisini kwa Mama anakouza mikoba, jengo la Tianxiu. Ulisema nawashinda makarani wako wote. Mama akacheka: "Mheshimiwa, utamharibu mtoto."

Siku ile ulikwenda chekechea moja bila kuwaarifu, kama kawaida yako. Ukavua viatu, ukaketi chini na watoto, maana viti havikuwepo. Orodha ya ofisi ya elimu ilionyesha vimefika. Ulikuwa unakohoa. "Andika hivi: viti viko kwenye karatasi, watoto wako kwenye saruji. Ofisa ametudanganya."

Nikaandika: "Kamati ilibaini upungufu wa viti."

Niliogopa watakuchukia. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akikosea jina langu nanyamaza muhula mzima. Nilidhani nakulinda.

Ulikuwa umelazwa, kwa hiyo naibu wako akaisoma bungeni. Jioni yenu ukanipigia. "Nasikia wamepiga makofi, mpaka yule ofisa. Mimi sijawahi kupigiwa makofi na ofisa. Nimekosea wapi?"

Nikakwambia mtandao unakatika. Nikakata simu. Wiki ile ile ukaondoka.

Mama bado hajui aipeleke wapi miwani aliyokununulia kwenye masoko ya Liuhua. Iko juu ya sampuli za mikoba ya viwanda vya Shiling, kila mteja anaisogeza. Na Mjomba, aliye huko Kenya, anasema watoto bado wanakaa chini. Wakilalamika wazazi, mwenyekiti mpya anawajibu kwamba hata marehemu alisema ni upungufu tu. Hata marehemu. Nimechoka, Nyanya. Nasoma ukurasa mmoja mara nne. Nalala mapema na naamka nimechoka vilevile.

Basi pumzika wewe. Sitakupunguzia neno tena, wala mtu mwingine atakayenikabidhi maneno yake.

Jumamosi nilisikiliza sauti zako zote, nikachapa neno kwa neno. Ulipokohoa niliacha nafasi. Kisha nikamweleza Mama. Hakunigombeza. Alimaliza kufunga katoni aliyokuwa nayo, akaketi, akasema, "Tuma."

Nikamtumia karani wa kamati, pamoja na rekodi zenyewe, na barua inayoeleza nani aliyebadilisha na kwa nini. Jumatatu akajibu. Alisema ripoti itabidi isomwe upya bungeni, na aliyeibadilisha atatajwa kwa jina. Akauliza kama bado nataka iendelee.

Nikamwandikia ndiyo, nikampa majina yangu yote matatu.