Habari Yangu Ilipanda Boti

Siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa sita

Nimepika tena bugali ya batu tano. Mukono inamwaga bunga yenyewe, mi naangalia tu. Nilikula kidogo. Ile ilibaki nikapa kuku. Kuku zangu zimenenepa sasa sawa bamama ba komite ya kanisa.

Bahati, mutoto wangu wa kwanza, iko ku machimbo ya zahabu, anapigaka kama reseau ya simu inataka. Neema, wa mwisho, alienda Uvira kusomea bunesi. Baba yao alitangulia bote. Iko Kazimia, mwendo wa boti ku ziwa, kwa bibi mwingine, miaka mbili sasa. Mwaka huu bazee ba jamaa zote mbili balikaa, bakatuachanisha, bakakunywa Fanta, bakaenda.

Hii kaye ya kuandikia Neema aliiacha, kurasa nyingi iko mweupe. Mi nilisoma mpaka mwaka wa ine tu. Lakini nitaongea na nani? Ukuta?

Siku ya tatu, 5 mwezi wa sita

Habari muzuri! Furaha anaolewa! Ni binti ya Mama Riziki, jirani wangu wa ngambo ya barabara. Furaha alikomaa pamoja na Neema, alikuwa anakulaka kwangu kila siku, mi namuhesabu wangu, mutu wa tano. Ndoa ni siku ya posho, ile Jumamosi, tarehe 15.

Mangaribi ya mbele ya ndoa batamufunda. Bamama banaingia naye mu chumba, banafunga mulango, kila mama anamufundisha jambo moja. Kuna wa usafi, kuna wa kitanda, kuna wa bakwe. Mi natoaka fundisho ya ulimi. Ndiyo, mi! Kufundisha batu kunyamaza. Bamama banachekaka mpaka banashika tumbo. Hakuna mutoto wa hii mutaa aliolewa bila ulimi yangu.

Nimeshatoa kitambaa ya kichwa, ile ya bluu. Nimeipiga pasi.

Siku ya posho, 8 mwezi wa sita

Nimekasirika.

Leo ku robine ya maji, Mama Esteri, mukubwa wa komite, akaniambia mbele ya batu: “Mama Bahati, siku ile we utatusaidia ku jikoni.”

Ku jikoni! Nikauliza: “Na ulimi?”

“Mama, ile chumba ni ya benye bwana ku nyumba. Unajua vizuri.”

Nilijua. Mi mwenyewe nilikatazaga Mama Sifa, mwaka ule bwana yake alimukimbia. Sikufikiri itanifikia.

Mama Riziki alikuwa pale. Aliangalia bido yake inajaa maji. Rafiki yangu tangu tuko basichana, anaangalia bido.

Siku ya yenga, 9 mwezi wa sita

Ku kanisa sina fasi ya kukaa. Benchi ya bamama ba ndoa, banajisogeza sawa niko na upele. Benchi ya bajane? Mi si mujane. Bwana iko muzima, anakula samaki ya mikebuka Kazimia. Njo maana nakaaka nyuma, karibu na mulango, pamoja na mama moja Murundi wa kambi ya bakimbizi, mwenye kufikaka saa ya sadaka.

Kisha ibada Mama Esteri akanishika mukono, akaweka sauti ya matanga: “Mama, pole na upweke.” Mudomo wangu ukajibu wenyewe: “Upweke gani? Baba Bahati anarudi. Ametuma habari.”

Ni uongo. Hakutuma kitu.

Mbele nifike ku nyumba, batu batatu balishanipongeza.

Siku ya pili, 11 mwezi wa sita

Ku soko nasikia habari yangu mwenyewe, inanishangaza. Kumbe Baba Bahati aliniletea kitenge ya wax. Kumbe ile bibi wa Kazimia alilia, akajigalagaza ku mchanga. Mama moja muuza samaki ya ndagala alinieleza hata rangi ya kitenge. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikamushukuru.

Mama Esteri alipita. Akasema: “Mungu iko muzuri, mama, ulimi yako utatoa.”

Nimeshinda. Kisha ndoa nitasema alibadilisha mawazo. Banaume banabadilishaka, hakuna mutu atashangaa.

Nilicheka peke yangu mu nyumba. Ilisikilika vibaya, nikaacha.

Siku ya ine, 13 mwezi wa sita

Amekuja.

Bamama ba ndagala balipeleka habari Kazimia na boti, yeye akapanda boti ile ile, akafika asubui na sakoshi moja ya nguo. Amekonda. Akasimama ku mulango: “Nilisikia unaniita.”

Ningesema kweli pale pale. Nikamupashia maji ya kuoga.

Nitaandika kweli, sababu hapa hakuna mutu: nilifurahi. Kusikia mutu anakohoa mu nyumba. Kusikia viatu. Mangaribi nilipika bugali sawa siku zote, na ikaisha. Sufuria yote. Nilikwangua chini na kijiko, hakuna kitu. Karibu nilie.

Akasema mboga ya sombe inakosa chumvi. Akauliza redio yake iko wapi. Nikangoja aulize Neema. Nikangoja aulize Bahati. Akatafuta nyimbo mu redio, akaenda kulala ku kitanda ya Neema. Hakuuliza Neema iko wapi, sababu gani kitanda yake iko wazi.

Siku ya tano, 14 mwezi wa sita

Nilivaa kitambaa ya bluu. Yeye mu kiti yake: “Enda tu. Ubaambie kesho nitakaa mbele, na bazee.” Pale njo nikafahamu. Na yeye alitafuta fasi, sawa mi.

Nikavuka barabara. Bamama bakapiga vigelegele: “Mama Bahati na bwana yake!” Mama Riziki akanikumbatia nguvu, sawa mutu mwenye kulipa deni. Mulango wa chumba ulikuwa wazi. Furaha alikaa ku mukeka, kichwa chini, vile banafanyaka. Akainua macho.

“Mama, ni kweli alirudi? Umefurahi?”

Hakuna mutu mwingine aliniuliza hivyo. Batu bote balisema hongera.

Kweli ikatoka. Nikasema: hakurudi. Nilisema uongo ili niingie humu. Uongo ikamufikia, akakuja. Iko kwangu, lakini si wangu. Sina bwana.

Nikaenda ku jikoni. Hakuna mutu alinifukuza, nilijipeleka mwenyewe.

Nikachambua muchele. Bakafunga mulango. Nikasikia banaimba, nikasikia mafundisho inapita, moja, ingine. Nikangoja fasi ya ulimi. Ikapita. Habakucheka.

Siku ya posho, 15 mwezi wa sita

Asubui nilimusindikiza Baba Bahati ku boti. Hakubisha sana. Akaomba redio. Nikamupa.

Akasema: “Utabaki peke yako.” Nikasema ndiyo. Mota ya boti ikawaka, nikarudi mbio, muchele ilikuwa inaningoja.

Ndoa ilikuwa muzuri. Furaha alinuna uso, vile bibi harusi banafanyaka, bwana yake alikanyaga gauni mara nyingi, bazee balikula kuku kupita kipimo. Mi nilicheza mpaka kiatu ikakatika. Nilicheka kweli.

Saa ya kupakua, Mama Riziki aliingia jikoni, akasimama pale pembeni yangu.

“Ungeniambia.”

“Na we ungesema kitu kule ku robine.”

Akachukua mwiko ingine. Tukapakua, mi muchele, yeye nyama.

Siku ya yenga, 16 mwezi wa sita

Nyumba imenyamaza. Kule ngambo pia, Furaha ameenda kwake.

Ku kanisa benchi ya mbele ilikuwa na fasi. Mama Riziki alisogea kweli, akaniita na mukono. Nikamupungia, nikabaki nyuma. Yule mama Murundi alifika saa ya sadaka. Nikamuonyesha wimbo mu kitabu yangu. Jina yake ni Spesi. Miezi yote hii nakaa naye, sikumuulizaka jina. Mi! Anachelewa juu anatoka kambini na miguu. Batoto bake habako naye, bako Tanzania. Tuliongea mpaka mahubiri ikaisha, pasta alituangalia vibaya.

Mangaribi nikapika. Mukono ikaanza kumwaga bunga, nikaishika. Bugali ikatoka kidogo sawa ngumi. Nikaikula yote.

Kuku zilikuja ku mulango, zikasimama. Nikaziambia leo hakuna.