Baiskeli Yangu Haiuzwi

Gibson na Janeffer,

Yule Mageto mliyemwita aje kununua baiskeli yangu, akifika mpeni chai na mumwambie haiuzwi. Nimetoka nayo kupeleka maziwa. Ng'ombe amekunywa maji. Ndama bado.

Gibson, Jumapili ulisema mbele ya wageni, "Mzee, breki ni nzima, ni vidole vyako vimechoka." Wakacheka. Nami nilikuamini, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo asubuhi nimefungua nati inayobana waya wa breki. Nikakuta waya umepakwa mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka mwisho. Sasa nati itashikaje kitu kinachoteleza? Kila nikiminya breki, waya unachomoka kidogo. Nimeupangusa kwa mafuta taa, nikaukausha kwa jivu, nikauvuta kwa koleo na kukaza nati. Vidole hivi hivi vilivyochoka.

Janeffer, mkamuaji ni wewe, na najua ulitaka breki ziwe laini kwa mikono yangu. Asante, mama, lakini ungeniuliza kwanza. Mafuta huingia ndani ya kava ya waya, hayapakwi mahali pa kubana. Na mume wako alipokuwa akinicheka, wewe ungesema kwamba uliyapaka.

~~Msiniwekee chakula.~~ Niwekeeni ugali, nitarudi na njaa.

Breki nimeshazijaribu kwenye mteremko wa kanisa, kwa mwendo wa kasi. Baiskeli ilisimama pale nilipotaka mimi.

Baba yenu