Ukurasa Wenye Jina Lako

Ijumbi, Muleba

Datius mwanangu,

Kahawa imechanua, kibanja kizima kinanukia. Tangu ugombane na baba yako ukaondoka, sijui barua nikutumie wapi.

Mdogo wako Violeth anauza kahawa yetu kwenye tovuti. Anwani ya ukurasa ilikuwa tarakimu tupu, akasema, "Mama, tuweke maneno ambayo watu wanayatafuta. Niandike kahawa-ya-restituta, jina lako?"

"Restituta nani anamjua hapa? Andika kahawa-ya-mama-datius-ijumbi."

Akaandika.

Nikilala naota uko mbali, unatafuta jina lako kwenye simu, na sisi tunatokea. Ndiyo maana barua hii Violeth ameiweka kwenye ukurasa huo huo.

Baba tumemzika hapa kibanjani. Hasira alishaziacha, alikuulizia mpaka mwisho.

Bado ni mimi,
Mama Datius